Hasira za saa tano: jinsi ya kupanga sahani ubongo upate malighafi

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na kipindi cha biolojia cha Kidato cha Pili kila Jumatano saa tano asubuhi, na kila Jumatano wanafunzi waliniogopa. Mtoto akidondosha rula, nafoka. Akiuliza jambo nililokwisha kulieleza, nafoka zaidi. Siku moja mwalimu mwenzangu wa hisabati, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alinikuta ofisini nimeshika kichwa, akaniuliza nimekula nini tangu niamke. Chai ya rangi saa kumi na moja na nusu, vijiko vinne vya sukari, maandazi mawili.

"Mwalimu, wewe si mkali," akasema. "Una njaa tu."

Wazee walishalisema: njaa mwanamalegeza, shibe mwanamalevya. Mimi nilikuwa nafundisha mmeng'enyo wa chakula ubaoni, na mfano hai ulikuwa umesimama pale pale umeshika chaki.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu kama nilivyokuwa mimi wakati ule: anakula ugali au wali karibu kila siku, kipato chake cha kawaida, haumwi kitu cha kumlaza kitandani, lakini ana hasira za karibu, mchana kichwa kizito, jioni hana hamu ya kuongea na mtu.

Kabla hujagusa sufuria

Kuna watu ambao hatua ya kwanza kwao ni hospitali, jikoni kuje baadaye. Kama huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kumedumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Kama yanakujia mawazo ya kufa au kujidhuru, usisubiri wiki mbili; mwambie mtu leo, mwende wote. Mama aliyejifungua karibuni akilia bila sababu na kujiona hafai, apelekwe kliniki, asiambiwe ale supu. Na kama tayari umeandikiwa dawa za sonona, usiziache kwa sababu umeanza kula dagaa.

Wapo pia wenye dawa zinazogusa moja kwa moja mambo nitakayoeleza. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huvuruga vitamini B6 mwilini, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa na vidonge vya B6 juu yake. Vimeze, usivitupe ukidhani ni vya ziada. Metformini ya kisukari, ikitumiwa kwa miaka, inaweza kupunguza vitamini B12. Ukiwa na kisukari na siku hizi unasahau sana au miguu inakufa ganzi, muulize daktari kuhusu kipimo cha B12.

Uelewe kwanza stendi ya ubongo

Ubongo ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati unapokuwa umetulia. Humo ndani seli zinaongea kwa kemikali. Mbili zinatajwa sana: serotonini, inayohusika na utulivu, usingizi na hamu ya kula, na dopamini, inayohusika na msukumo wa kufanya jambo. Hakuna hata moja inayotoka mbinguni. Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, na dopamini kutokana na tairosini. Vyote viwili ni vipande vya protini. Triptofani mwili hauwezi kuitengeneza kabisa, usipoila, huna. Tena kazi hiyo inataka vibarua: madini ya chuma na vitamini B6 lazima viwepo, la sivyo malighafi inakaa tu.

Sasa hapa ndipo watu wanapopotoshwa. Umeshasikia kwamba ndizi zina serotonini, kwa hiyo kula ndizi upate furaha. Kweli, ndizi ina serotonini. Na kweli pia, karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili wako iko kwenye utumbo. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Ukuta uliopo kati ya damu na ubongo unaizuia. Kinachovuka ni triptofani, kisha ubongo unajipikia wenyewe.

Na kuvuka kwenyewe si rahisi. Fikiria stendi saa kumi na mbili jioni: daladala moja, abiria wengi. Triptofani ni abiria mmoja mwembamba anayegombea mlango na vipande vingine vya protini, ambavyo kwa kawaida ni vingi kuliko yeye. Ukila wanga mtupu, insulini, homoni ya kuondoa sukari kwenye damu, hupanda na kuwachukua wale wengine kuwapeleka kwenye misuli, triptofani akapata nafasi ya kupenya. Jambo hili lilionyeshwa kwa panya mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, na kutoka hapo ukazaliwa ushauri wa kula vitu vitamu ukiwa na huzuni. Tatizo ni kwamba protini kidogo tu kwenye mlo huo inaurudisha msongamano ule ule mlangoni. Na ukila wanga mtupu siku zote, utafika wakati daladala ipo, nafasi ipo, abiria hayupo.

Hilo la mwisho si nadharia. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini Malawi walikuwa wanaishi kwa mgawo wa mahindi. Karanga, zilizokuwa sehemu ya mgawo, zikakatika. Zaidi ya watu 17,000 wakaugua pelagra: ngozi inababuka shingoni na mikononi palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, na akili nayo inaingia katika ugonjwa. Mgonjwa wa pelagra huanza kuwa na hasira, huzuni na kukosa usingizi. Akiachwa, huchanganyikiwa kabisa. Chanzo ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3, ambayo mwili unaweza pia kuitengeneza kutokana na triptofani. Mahindi yana triptofani kidogo, na niasini yake imefungwa, tumbo haliifikii vizuri. Watu wa Meksiko huchemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa huifungua niasini hiyo. Mahindi yalipokwenda mabara mengine, ujuzi wa chokaa haukusafiri nayo. Ugali kwa mboga nzuri hauna shida hiyo. Shida ni ugali na chumvi.

Hatua ya kwanza: sogeza kitu chenye protini asubuhi

Nimeanza na asubuhi kwa makusudi, kwa sababu ndiyo hatua inayoonekana matokeo upesi. Chai ya sukari na andazi la unga mweupe hupandisha sukari ya damu haraka, na kwa watu wengi hushuka haraka vilevile baada ya saa mbili tatu. Ikishuka, mwili hutoa adrenalini kuipandisha tena. Adrenalini ndiyo ile ile ya kukimbia mbwa: mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, na mwanafunzi aliyedondosha rula anaonekana adui.

Huhitaji kuliacha andazi, nami silihubirii kifo. Lipe mwenzake. Yai moja la kuchemsha. Au maharage yaliyobaki usiku, yapashe moto, chapati ichovye humo. Watu wa pwani wanajua mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa cha heshima tangu zamani, na kisayansi hawajakosea. Au karanga za kuchemsha, kiganja kimoja. Kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha na maziwa nao hupandisha sukari ya damu polepole kuliko andazi.

Uji wa lishe je? Mzuri, lakini tazama kilichomo. Unga mwingi unaouzwa kwa jina hilo ni nafaka tano zilizochanganywa, na nafaka tano bado ni nafaka. Unaotaka uwe na karanga au soya kwa kiasi cha maana. Na karanga uzichague mwenyewe kabla hujasagisha: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zote tupa. Sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Kwa anayefunga Ramadhani, ushauri ni huo huo ukihamishiwa kwenye daku. Daku la chai na mkate litakuacha mkavu kabla ya adhuhuri. Daku lenye kunde, mayai au samaki na kiazi litakufikisha mbali zaidi.

Hapa niseme neno kwa wanaoruka mlo ili wapungue. Mwaka 1944 hadi 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, kwa miezi sita. Walikonda, kama ilivyotarajiwa. Lakini wengi wao pia wakawa na huzuni, hasira, wakajitenga, na wakawa hawawazi kitu isipokuwa chakula. Kama umekuwa mkali nyumbani tangu uanze kujinyima, usimlaumu mume wala mke kwanza.

Hatua ya pili: mboga ikue, ugali upungue

Sahani yetu ya kawaida ni mlima wa ugali na bakuli dogo la mboga pembeni, kama vile mboga ni kiungo cha kutelezeshea. Geuza uwiano. Ugali ulingane na ngumi yako, au ngumi mbili kama unafanya kazi ya mikono. Majani yajaze nusu ya sahani. Robo iliyobaki iwe ya maharage, choroko, kunde, dagaa, samaki, yai au nyama.

Kati ya hivyo vyote, ningeambiwa nichague kimoja ningechagua dagaa. Wanaliwa wazima, na kichwa na mifupa. Wana protini kamili yenye triptofani na tairosini. Wana vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mmea wowote tunaoupika, na ambayo ikipungua mtu husahau, huchoka na moyo wake huzama. Na kama samaki wengine wenye mafuta, wana omega-3, aina ya mafuta ambayo ubongo wenyewe umejengwa nayo kwa sehemu. Kwa anayeishi karibu na bahari, vibua wamo katika kundi hilo hilo, na bei yao huwa chini kuliko ya samaki changu. Wa Kigoma, wa Mwanza, wa Zanzibar, ugomvi wa nani mtamu siuingii. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga uishe, wakaange kidogo au uwaunge kwa nyanya na kitunguu, ila usiwazamishe kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi mara tano.

Maini nayo, mara moja kwa wiki kipande kidogo, yana chuma, B12 na foleti (mojawapo ya vitamini B) kwa wingi. Mjamzito asiyazidishe, kwa sababu vitamini A yake ni nyingi mno.

Majani: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Yana foleti, ambayo hufanya kazi bega kwa bega na B12. Yapike dakika chache. Yule anayechemsha mchicha mpaka maji yanakuwa meusi halafu anayamwaga, anamwaga foleti sinkini. Kisamvu peke yake ndicho kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa sababu ya sumu iliyomo kwenye muhogo.

Maharage yaloweke usiku, mwaga maji, chemsha kwa mapya. Gesi inapungua, kuni au mkaa unapungua, na madini yaliyofungwa ndani yanafunguka kiasi.

Dona au sembe? Dona, kama unajua mahindi yametoka wapi na yalikauka vizuri. Sembe hukobolewa pumba na kiini, na vitamini B nyingi huondoka na pumba kwenda kwa kuku. Ukinunua sembe, tafuta uliorutubishwa. Tanzania ilianza kulazimisha urutubishaji wa unga kwa viwanda vikubwa mwaka 2011, ingawa mashine za mtaani nyingi ziko nje ya mkondo huo.

Hatua ya tatu: chai iondoke mezani

Hatua hii haina gharama yoyote, na ndiyo inayokataliwa zaidi. Ukinywa chai pamoja na mlo, kemikali za kwenye majani ya chai huyakamata madini ya chuma ya maharage na mchicha na kuyazuia yasifyonzwe. Umenunua mchicha, umeupika, umeula, kisha umeufungia mlango kwa kikombe.

Isogeze chai saa moja au mbili kutoka kwenye chakula. Mahali pake weka ndimu: ikamulie kwenye mboga ukishaipua. Au kula chungwa, embe, papai. Au kunywa juisi ya ubuyu. Vitamini C huvuta chuma cha mimea kiingie.

Kwa nini naling'ang'ania hili katika habari za hisia? Kwa sababu chuma ni kibarua cha kutengeneza serotonini na dopamini, na kwa sababu upungufu wa damu unafanana mno na uvivu au huzuni. Uchunguzi wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Yaani karibu nusu. Wangapi kati yao wameambiwa wamebadilika, hawachangamki, wana gubu? Dada unayesoma hapa, kama unapata hedhi nzito na unahema ukipanda ngazi, kapime hemoglobini, yaani wingi wa damu. Kipimo ni cha tone la damu. Vidonge vya chuma usijinunulie kabla ya kupima, kwa kuwa upungufu wa damu una sababu nyingine pia, kuanzia minyoo hadi selimundu.

Hatua ya nne: vinavyokopesha nguvu

Kafeini haikupi nguvu. Siku nzima ubongo hujaza kemikali iitwayo adenosini, inayouambia kwamba umechoka. Kafeini huketi kwenye kiti cha adenosini ili ujumbe usifike. Uchovu uko pale pale unasubiri. Nusu ya kafeini uliyokunywa huchukua takribani saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kimo ndani saa tano usiku. Kopo la mililita 250 la vile vinywaji vya nguvu wanavyotembea navyo madereva wa bodaboda na wanafunzi wa mitihani huwa na miligramu kama 80 za kafeini, pamoja na sukari nyingi. Moja asubuhi halitakuua. Matatu kwa siku, halafu ukaulize kwa nini una wasiwasi, ni kujitafutia.

Pombe ni kinyume chake. Inaanza kwa kutuliza, kisha ubongo unajirekebisha kupambana na ule utulivu, na alfajiri unaamka na moyo unadunda bila sababu. Anayekunywa ili apunguze mawazo ananunua mawazo ya kesho.

Tumbo nalo lina bakteria wanaowasiliana na ubongo, na utafiti wake bado mchanga. Kwa sasa maziwa mgando na maharage vinatosha; huna haja ya kununua kopo la vidonge lenye picha ya utumbo unaocheka.

Utegemee nini

Jaribio mojawapo linalonukuliwa sana lilifanyika Australia likiongozwa na Felice Jacka wa Chuo Kikuu cha Deakin, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Watu 67 wenye sonona, wengi wakiwa tayari kwenye matibabu, waligawanywa: kundi moja likapata msaada wa mtaalamu wa lishe, jingine likapata mtu wa kuzungumza naye. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 upande wa pili. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini watu 67 ni darasa moja la shule yangu, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, kwa hiyo matumaini nayo yamo humo.

Chakula walichopewa kilikuwa cha watu wa Mediterania: samaki, jamii ya kunde, mboga, matunda, karanga, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya mzeituni. Toa mzeituni, uliobaki ni mlo wa Tanga au Lamu kabla chipsi hazijafika.

Hatua ya tano: daftari la siku 14

Chukua daftari la kurasa 40. Usibadilishe kila kitu siku moja, maana hutajua kilichosaidia. Siku 4 za kwanza kula kama kawaida, andika tu. Siku 5 zinazofuata tengeneza asubuhi peke yake. Siku 5 za mwisho ongeza mboga na uisogeze chai. Kila siku andika mambo matano: ulikula nini na saa ngapi, ulikunywa nini na saa ngapi, ulilala saa ngapi, hasira au uzito wa moyo kwa namba kuanzia 1 hadi 10 saa tano asubuhi, na namba hiyo hiyo saa kumi na moja jioni. Mwanamke aongeze siku ya mzunguko wake, vinginevyo ataisifu au kuilaumu sahani kwa kazi ya homoni.

Siku 14 hazitoshi kurudisha damu iliyopungua. Hiyo ni kazi ya miezi. Zinatosha kukuonyesha mahali pako pa kuvuja.

Yangu ilinishangaza. Yai la asubuhi lilishusha namba ya saa tano kutoka 7 hadi 4, hilo nililitarajia. Lakini kulikuwa na siku namba haikushuka hata kwa yai: Jumatano, tena Jumatano. Nikarudi nyuma kwenye safu ya vinywaji. Kila Jumanne usiku nilikuwa nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili kwa vikombe viwili vya chai nzito, cha pili saa tatu usiku, nikilala saa saba. Siku hizi nasahihisha kwa mchaichai. Makosa kwenye madaftari ni yale yale.